Bunju Aliyefika Mgeta

Siku ya kuniaga, vijana wa maabara waliniomba niwaandikie niliyoyaona katika miaka yangu ya kazi. Nadhani walitegemea kurasa mbili za shukrani. Shukrani nilizitoa siku ileile, tena kwa kipaza sauti kilichokuwa kikikoroma kuliko mimi. Hapa naandika mengine. Vyeo sitavitaja, maana vilikuwa vichache na havikubadilisha chochote mezani kwangu. Nitawasimulia habari za panya, za samaki, za mzee aliyenifundisha kazi, na za mwanamke mmoja niliyemkosea. Huyo wa mwisho ndiye hasa aliyenifanya nishike kalamu.

Naitwa Fausta. Nimezaliwa Mgeta, juu huko ambako kabichi ikikuponyoka mkononi unaenda kuichukua kwa jirani wa chini. Kazi yangu ilikuwa fundi sanifu katika maabara ndogo hapa Morogoro mjini, ya kupima sumu katika samaki na viumbe wengine wa baharini. Kila mgeni aliyetutembelea aliuliza bahari iko wapi. Ukweli ni kwamba maabara iliwekwa huku kwa sababu ya panya. Nyumba ya kufugia panya weupe wa majaribio ilikuwa hapa tayari, na wakubwa waliona ni rahisi kumsafirisha samaki kuliko kumsafirisha panya. Basi samaki walikuja kwa basi kutoka Dar es Salaam, ndani ya boksi la barafu, na makondakta walitununia kwa harufu kana kwamba sisi ndio tuliooza.

Siku ya kwanza nilipokewa na Mzee Seif, mtu wa Mafia, mwembamba, mwenye koti jeupe lililofuliwa mpaka likawa kama karatasi.

"Shikamoo mzee," nikamwambia.

"Marahaba binti. Umewahi kuiona bahari?"

"Bado, mzee."

"Afadhali. Huna la kusahau."

Akanipeleka kabatini akanionyesha chupa yenye samaki mfupi, mnene, mwenye meno ya mbele kama ya sungura. Huyo ndiye bunju. Akishikwa hujijaza maji au hewa akavimba kama mpira, na watoto wa pwani humchezea. Mzee Seif alinieleza kwamba sumu yake hukaa zaidi kwenye ini, mayai na ngozi, na wengine wanayo hata kwenye nyama. Haina harufu wala ladha. Unaweza kumchemsha bunju, ukamkaanga, ukamkausha juani wiki nzima, na sumu ikabaki palepale. Anayeila huanza kwa kuwashwa midomo na ulimi, kisha miguu inaisha nguvu, kisha mikono, kisha pumzi. Akili ndiyo hubaki. Mtu anasikia kila linalosemwa karibu yake, ila hawezi kujibu.

"Dawa yake ni nini?" nikauliza.

"Hakuna. Ukimwahi hospitali yenye mashine ya kupumulia, akapumuliwa mpaka sumu imtoke, anaweza kupona. Dada yangu hatukumwahi." Akairudisha chupa kabatini, akaanza kunieleza ratiba ya kusafisha vizimba. Hakumtaja tena dada yake katika miaka yote tuliyofanya kazi pamoja.

Kipimo cha siku zile mnakijua kwa kusoma tu, kwa hiyo nitakieleza. Unasaga nyama, unaichemsha kidogo katika maji yenye asidi nyepesi, unachuja. Unapima ukali wa asidi kwa karatasi ya rangi, unarekebisha. Unavuta mililita moja kwenye sindano, unamdunga panya tumboni, na unabonyeza saa ya kuhesabia sekunde. Halafu unatazama. Sumu ikiwepo, miguu ya nyuma inalegea kwanza. Panya anajaribu kutembea, anajiburuta, anahema kwa mdomo. Akivuta pumzi ya mwisho unabonyeza saa tena. Dakika alizotumia kufa zinakuambia ukubwa wa sumu. Hazikuambii jina lake, maana zipo sumu mbili tatu za baharini zinazoua kwa namna hiyohiyo.

Panya wangu wa kwanza alikufa kwa dakika tisa, na nililia. Nilikuwa nimemlisha mwenyewe asubuhi.

"Lia tu," Mzee Seif akasema, "lakini macho yasitoke kwenye saa. Ukikosea sekunde, itabidi tumuue mwingine."

Aliniachia desturi moja ambayo leo haimo katika mwongozo wowote. Panya akifa, Mzee Seif hakuketi kuandika ripoti. Alinawa mikono, akavuka uwanja hadi ofisi yenye simu, akampigia aliyeleta sampuli: "Panya wenu amekufa. Sijui bado kwa nini. Zuieni watu wasile." Karatasi zilifuata baada ya wiki. Mwaka mmoja akina mama wa kijiji fulani cha pwani walipookota chaza baada ya maji kubadilika rangi, simu hiyo ilifika kabla vyungu havijainjikwa. Hatukupata barua ya asante. Watu hawashukuru kwa ugonjwa ambao haukuwapata.

Mzee Seif alistaafu, akarudi Mafia, na miaka michache baadaye tukasikia amefariki. Nikabaki na koti lake la pili na vizimba vyake. Na hapo ndipo nilipofanya kosa langu la kwanza kubwa. Nilimpima kome mmoja nikiwa na haraka, sikurekebisha asidi vizuri, panya akafa, nikapiga simu. Soko zima lilifungwa kwa mwezi. Mashine ya wenzetu wa nje ilipopima ikaonekana hakuna sumu yoyote. Panya aliuawa na asidi yangu. Akina mama waliokuwa wakiuza kome walikwenda mpaka kwa mkuu wa wilaya yao kulia. Mimi nililia huku.

Baada ya hapo alikuja mkuu mpya wa maabara, Dokta Kimambo, msomi makini, asiyepandisha sauti. Tukaletewa mashine kubwa ya kutenganisha kemikali na kuzitambua kwa uzito wake, inayohitaji kiyoyozi, umeme usioyumba, na mtu wa kuibembeleza. Dokta Kimambo akaweka sharti: jibu lolote lisitoke nje bila mashine kuitaja sumu kwa jina. Sikuweza kubisha. Sharti lile lilizaliwa na mkono wangu.

Sasa nifike kwa Perpetua.

Miaka michache kabla sijastaafu, mkulima mmoja aliyeitwa Dominiki alifia nyumbani kwake kwenye milima ya Mgeta, umbali wa saa moja kwa mguu kutoka kwetu. Jioni alikula ugali kwa samaki mkavu, kabla ya mapambazuko alikuwa amekufa. Mke wake, Perpetua, hakuwa amekula samaki yule. Watoto pia hawakula. Wao walikula maharage. Kwa mtu yeyote aliyelelewa kule hilo lilikuwa jambo la kawaida kabisa: kilikuwa kipande kimoja, kikakatwa, nusu ikapikwa kwa ajili ya baba. Lakini ndugu wa Dominiki waliliona kwa namna yao. Kwetu Waluguru mashamba hufuata ukoo wa mama, na Dominiki alikuwa ameishi miaka yote kwenye ardhi ya ukoo wa mkewe. Wakasema ametumika, amechokwa, amewekewa dawa ya kupulizia nyanya. Polisi wakamchukua Perpetua. Kesi ya kuua haina dhamana.

Mabaki ya mboga na nusu ya samaki iliyobaki ikining'inia juu ya mafiga yaliletwa mjini kupimwa dawa za wadudu. Meza iliyopima haikuwa yangu. Hawakuona dawa yoyote, wakaandika hivyo, na sampuli ikawekwa kwenye friza letu kwa kuwa ndilo lililokuwa na nafasi. Ripoti ya kwamba hakuna dawa haikumsaidia Perpetua. Ndugu wa mume walisema basi ni dawa ya kienyeji, ambayo mashine za mjini haziioni.

Mimi niliyajua haya kwa simu kutoka kwa mdogo wangu Kristina, aliyebaki nyumbani. Alikuwa akinisimulia tu kama wanavyosimulia misiba.

"Tena dada, inasikitisha. Alikuwa anasema midomo inamtambaa kama imejaa siafu. Halafu miguu ikakataa. Wanasema mpaka mwisho alikuwa anawatazama, machozi yanatoka, hasemi."

Nilikuwa nimesimama jikoni kwangu, mtaa wa Mafiga hapa mjini, na mwiko mkononi. Nikamwomba arudie.

"Midomo, umesema?"

"Midomo na ulimi. Kwani vipi?"

Asubuhi nilifungua friza. Kipande kilikuwa kikavu, kimechunwa ngozi, hakina kichwa. Aliyekiuza gulioni pale Mgeta huenda hakujua ni samaki gani. Kilipita mikono mingi kutoka pwani. Wanaomjua bunju hawamli. Lakini akishachunwa na kukaushwa, akachanganywa na wengine kwenye tenga, nani atamtambua kule juu? Malori yanayoshusha kabichi Dar es Salaam hayarudi matupu.

Tulikuwa bado na panya wachache. Nikasaga kipande kidogo, nikachemsha, nikachuja. Asidi niliipima mara tatu, maana tangu wale kome mkono wangu haukuniamini. Nikamdunga panya. Miguu ya nyuma ililegea ndani ya dakika mbili. Dakika ya sita alikuwa ametulia. Nikarudia kwa panya wa pili, na wa tatu nikamdunga maji yenye asidi peke yake ili nijue kwamba siui kwa asidi. Wa pili alikufa. Wa tatu aliendelea kula pumba.

Nilienda moja kwa moja kwa Dokta Kimambo. Akasikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Unafikiri ni bunju."

"Sifikiri, Dokta. Najua."

"Unajua kwamba kuna kitu kinachoua panya. Ukipanda kizimbani, wakili atakuuliza ni sumu gani. Utajibu nini?"

"Nitasema inafanana na ya bunju."

"Inafanana." Akalirudia lile neno taratibu, bila kejeli. "Mama Fausta, yule mama akiachiwa kwa neno hilo, halafu likapinduliwa, atarudishwa ndani na hatatoka tena. Tusubiri standadi."

Standadi ni chupa ndogo ya sumu yenyewe, safi, ambayo mashine huitumia kulinganisha. Bila hiyo mashine ni kabati la bei mbaya. Ya bunju ilikuwa imekwisha, na kuiagiza kunahitaji vibali, kwa sababu hakuna nchi inayopenda kutuma sumu kwa posta. Aliandika barua ya kuiomba siku ileile, mbele yangu. Siwezi kusema alizembea.

Nami nikatoka ofisini, nikapita karibu na simu. Nilikuwa na namba ya kituo cha polisi kwenye karatasi ya sampuli. Mfukoni nilikuwa na simu yangu mwenyewe. Nilisimama pale korido kama mtu aliyesahau alichotumwa. Niliwaza soko la kome, niliwaza wale akina mama wanalia, niliwaza kwamba nimebakiza muda mfupi nistaafu kwa heshima. Nikarudi kuosha vyombo. Nikaandika kwenye daftari la maabara: panya wawili wamekufa, mmoja hai, inasubiri uthibitisho. Mwandiko ni mzuri sana. Mnaweza kwenda kuuona.

Standadi ilichukua muda. Kibali kilirudishwa kwa sababu jina moja lilikosewa herufi. Kilipopita, boksi likakaa mahali fulani bila barafu, ikabidi liagizwe jingine. Kisha umeme ukapanda ghafla, kifaa kimoja cha mashine kikaungua. Nilikuwa nikiuliza kila wiki, na kila wiki nilipewa jibu la kweli. Mvua za masika zikaanza. Kristina alinipigia kunieleza kwamba mama yake Perpetua, mtu mzima kabisa, alikuwa akiteremka kwa mguu mpaka barabarani ili aje mjini kumwona mwanawe mahabusu, anabeba viazi na anarudi siku hiyohiyo. Sikumwambia Kristina chochote kuhusu panya. Kanuni ilikuwa jibu lisitoke.

Siku mashine ilipokubali, tulikuwa wote watatu mbele ya kioo chake, mimi, Dokta Kimambo na fundi wa mashine. Mlima wa sumu ya bunju ulitokea kwenye mchoro mahali palepale ulipotokea ule wa standadi, na uzito wake ukawa uleule. Dokta Kimambo alinipa mkono. Akasema, "Ulikuwa sahihi." Nilitaka aseme kitu kingine chochote.

Ripoti ilikwenda na mhuri wake. Shauri likafutwa, Perpetua akatoka. Alikuwa ndani zaidi ya nusu mwaka. Nilidhani ningefurahi. Kristina akanipigia tena.

"Ametoka, lakini sijui ametokea wapi kuingia wapi. Mama yake walimzika mwezi uliopita. Kichomi. Alilowa na mvua njiani akienda kumwona. Na wale wa upande wa mume wanasema mmeipaka mafuta mashine yenu iseme samaki."

"Na yeye anasemaje?"

"Amewaacha watoto wakubwa kwa mjomba wao, wadogo amewachukua. Amehamia mjini."

Nikapeleka maombi kwamba tupande Mgeta tuwaeleze watu habari za bunju, tuwaonyeshe picha. Tulikwenda, mimi na Dokta Kimambo, tukasimama uani mwa kanisa baada ya misa. Watu walisikiliza kwa adabu. Mzee mmoja akauliza kama tumeshampata aliyeuza samaki. Tukasema hapana. Akauliza wale samaki wengine wa tenga lile walikwenda wapi. Hatukujua pia. Akashukuru, akavaa kofia yake, akaondoka.

Tangu hapo nilimsumbua Dokta Kimambo mpaka akakubali kuwe na taarifa ya awali: karatasi moja ya kusema tulichokiona kabla hatujakipa jina, na kwamba bado hatuna hakika. Alibadilisha maneno yangu mengi, lakini aliitia saini. Ipo kwenye droo yenu. Msiogope kuitumia. Mtakosea mara moja moja, na mtatukanwa, na itakuwa haki yenu.

Mwezi mmoja kabla ya kustaafu nilikwenda Kihonda, pembeni ya mji, kumtafuta Perpetua. Nilielekezwa mpaka kwenye kibanda cha mamantilie karibu na kiwanda kidogo cha matofali. Nilimjua kabla hajageuka, kwa jinsi alivyofunga kanga, kama wanavyofunga kwetu. Alikuwa anakata vitunguu kwa ajili ya chakula cha mchana. Nilikuwa nimembebea njegere za Mgeta kwenye mfuko.

"Shikamoo mama," akasema.

"Marahaba mwanangu. Mimi ni Fausta, dada yake Kristina. Nafanya kazi pale walipopima yule samaki."

Kisu kikasimama. Akanivutia benchi. Akaanza kunishukuru, na hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Akasema bila maabara angeozea kule ndani, akasema kila siku anatuombea, hata majina yetu hayajui. Nilimwacha aseme sentensi mbili tatu kwa sababu ya woga wangu. Kisha nikamkatiza.

"Perpetua, usinishukuru. Mimi nilijua mapema."

Nikamweleza. Panya wa kwanza, wa pili, na wa tatu aliyebaki anakula. Kome wa zamani. Korido na simu. Nilieleza vibaya, kwa maneno mengi, kama mtu anayejitetea, na huenda ndicho nilichokuwa nafanya. Alisikiliza akitazama mfuko wa njegere.

"Wale panya," akasema baadaye, "walikufa lini?"

"Wiki ya tatu tangu wakuchukue. Ilikuwa Jumanne."

Akahesabu, midomo ikicheza kidogo.

"Kwa hiyo mama alikuwa bado mzima."

"Ndiyo," nikasema. "Alikuwa mzima."

Hakunifukuza. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa, na ingekuwa rahisi zaidi. Aliinuka akamimina njegere kwenye ungo, akaketi tena, akaanza kuzimenya. Nami nikavuta ungo upande wangu kidogo nikamenya pamoja naye, mpaka watu wa matofali wakaanza kuingia wakiuliza chakula, na ikabidi asimame awapakulie.